Mbona Picha Imetoka Nyeusi?

Lalamiko ni lile lile, uwe Busia ya Kenya, Busia ya Uganda au Tororo mjini. Mteja anaweka simu yake kwenye meza ya studio, anaipanga kando yake picha iliyooshwa sasa hivi, kisha anauliza: "Kaka, kwa simu niko sawa, mbona hapa mmenifanya mweusi hivi?" Mwenye studio analaumu wino, analaumu karatasi, analaumu stima iliyopotea asubuhi, na mwisho anamlaumu mteja kwa kutuma picha kwa WhatsApp. Kila lawama ina chembe ya ukweli. Ila mshukiwa mkuu amelala pale pale mezani akiwaka, na hakuna anayemuuliza chochote: kioo cha simu.

Nalitaja hili mapema kwa sababu watu huanza kutengeneza mambo kutoka mwisho. Hubadilisha wino, hununua karatasi ya bei zaidi, huhama studio, huvuka mpaka kwenda kujaribu upande wa pili. Pesa inaisha na uso bado haujaonekana. Mpangilio unaofaa ni kuanza na kioo, kisha mwanga unaotazamia picha, kisha faili yenyewe. Printa iwe ya mwisho kushtakiwa.

Kwa nini kioo kinadanganya

Kioo cha simu au kompyuta kinawaka chenyewe. Rangi zake zote zinatokana na mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu unaokuja moja kwa moja machoni. Karatasi haina mwanga wake. Inaazima mwanga wa dirisha au wa balbu, wino unameza sehemu, na kinachorudi ndicho unachokiona. Wino wa sayani humeza mwanga mwekundu, wa majenta humeza wa kijani, wa manjano humeza wa buluu. Kwa hiyo weupe wa karatasi hauwezi kamwe kuzidi mwanga unaoiangukia, ilhali weupe wa kioo unaweza kuzidi kila kitu kilichomo chumbani.

Tofauti ya pili ni ya kina. Kwenye kioo cha kawaida cha kompyuta, sehemu nyeupe kabisa hung'aa mara 1000 kuliko sehemu nyeusi kabisa, na simu zenye vioo vya AMOLED huenda mbali zaidi. Karatasi nzuri inayong'aa hufika mara mia moja na ushei, ikijitahidi sana mia mbili. Karatasi isiyong'aa haifiki hata mia. Maana yake, ngazi zote za mwanga ulizoziona kwenye simu lazima zibanwe ziingie kwenye nafasi ndogo, na zinazobanwa vibaya zaidi ni za upande wa giza: nywele, suti nyeusi, kivuli cha kofia, na uso wa mtu mweusi aliyepigwa picha chini ya mti saa saba mchana. Mtu hakuongezewa weusi. Kilichotokea ni kwamba mistari iliyokuwa ikionyesha umbo la shavu, paji la uso na nywele imeungana ikawa kitu kimoja.

Basi kufanana kabisa, nukta kwa nukta, hakupo. Studio inayokuahidi hilo inakuuzia maneno. Kinachowezekana, na kinachokutosha, ni picha ambayo ukiishika kwenye mwanga mzuri unamwona mtu yule yule, rangi yake ile ile, na kitambaa chake kile kile.

Shusha mwangaza kwanza

Busia na Tororo ziko kaskazini ya ikweta kwa chini ya digrii moja. Jua letu la mchana halina mzaha, na simu zinalijua hilo. Ukitoka nje, mwangaza wa kujirekebisha unapandisha kioo hadi mwisho ili uweze kusoma. Ukiirekebisha picha ukiwa umesimama pale stendi, unaitazama kwa nguvu ambayo karatasi haitakuwa nayo maishani. Utaona imewaka kupita kiasi, utaipunguza kidogo, utaituma studio. Itarudi giza, na itakuwa halali yake kurudi hivyo.

Kwa hiyo ingia ndani au keti barazani kivulini. Zima mwangaza wa kujirekebisha. Chukua karatasi nyeupe tupu ya A4, ile ya kawaida ya kutolea nakala, uiweke kando ya simu mahali inapopata mwanga wa chumba. Fungua kwenye simu ukurasa mweupe usio na kitu. Sasa shusha mwangaza polepole mpaka weupe wa kioo na weupe wa karatasi ulingane machoni pako. Mara nyingi utajikuta umeshuka chini kuliko ulivyotarajia, na kwa dakika chache utahisi kioo kimefifia. Vumilia, macho yatazoea. Ukiitazama picha yako sasa na kuiona ni nyeusi, umeiona kama printa itakavyoiona. Irekebishe hapo.

Kwa kompyuta ya studio kazi ni ile ile. Wachapaji wa picha hupenda kioo chenye mwangaza wa kandela 80 hadi 120 kwa kila mita ya mraba, na vioo vingi hutoka dukani vikiwa vimewashwa zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa sababu dukani kinachowaka sana ndicho kinachonunuliwa. Anayetumia laptopu ya bei nafuu aangalie jambo jingine: inua kifuniko au kilaze kidogo, utaona uso kwenye picha unageuka kutoka mweupe hadi mweusi bila kugusa kitufe chochote. Chagua pembe moja, ukae sawa mbele ya kioo, usiicheze tena mpaka kazi iishe.

Baada ya mwangaza kuna rangi. Zima ile hali ya kulinda macho usiku, kwa maana inapaka kila kitu rangi ya chungwa. Wengi huiwasha mara moja na kusahau kwamba ipo. Simu nyingi za siku hizi zina chaguo la rangi kolezi na rangi za asili, na hutoka kiwandani zikiwa kwenye kolezi. Chagua za asili. Mwenye iPhone azime True Tone anapofanya kazi hii. Nguo zitaonekana zimepoa kidogo, lakini huo ndio ukweli ambao karatasi inaweza kuubeba.

Kwa mwenye studio kuna hatua zaidi. Vipo vifaa vidogo vinavyowekwa juu ya kioo na kupima rangi zake, kama Spyder ya kampuni ya Datacolor au vile vya Calibrite. Si vya bei rahisi kwa mtu mmoja wa mtaani. Lakini kifaa kimoja hupima vioo vingi, na kila kioo kinahitaji kupimwa labda mara moja kwa mwezi. Studio nne au tano za mtaa mmoja zikichanga, kinazunguka na gharama inasahaulika. Sijui kwa nini watu wanaochangia harusi na matanga kila wiki wanaona vigumu kuchangia chombo cha kazi.

Unaitazama wapi?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, na wahusika hawajui. Mteja anatoka studio na picha yake, anasimama kwenye kivuli cha karibu. Kivuli chenyewe ni mwavuli wa njano wa wakala wa MTN, au mwekundu wa Airtel, au ukuta wa kijani wa duka la M-Pesa unaorudisha mwanga wake. Chini ya mwavuli wa njano buluu inafifia na nguo nyeupe inakuwa kama ya juzi. Chini ya mwekundu kila mtu anaonekana ametoka kulia. Picha haina kosa lolote. Ni mwanga uliopakwa rangi njiani. Hali ni ile ile kwenye kibanda kilichoezekwa kipande cha bati la plastiki la kijani ili kipate mwanga wa bure.

Balbu nazo zina mambo yao. Balbu ya LED ya bei ya chini mara nyingi haina mwanga mwekundu wa kutosha, na ngozi ya kahawia chini yake inakuwa ya kijivu, kama iliyopakwa majivu. Ukinunua taa ya meza ya kukagulia picha, soma kasha lake: tafuta kelvini 5000 au karibu na hapo, na alama ya Ra ya 90 au zaidi. Balbu ya njano ya sebuleni huwa na kelvini 2700 au 3000, na hiyo ni sawa kwa kula chakula, si kwa kuhukumu rangi.

Bora kuliko taa zote ni dirisha lisilopigwa na jua. Vitabu vya Ulaya husema chagua dirisha linalotazama kaskazini. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao hupita kusini siku zote za mwaka. Kwetu ushauri huo ni nusu. Kuanzia karibu na mwisho wa Machi hadi Septemba jua la mchana huwa kaskazini mwetu, kwa hiyo Juni dirisha zuri ni la kusini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba linahamia kusini, na Desemba dirisha zuri ni la kaskazini. Asiye na dirisha la namna hiyo akae barazani kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mgongo wake ukielekea ukuta mweupe au wa kijivu, jua lisiiguse picha. Studio na mteja wakubaliane: picha inakubaliwa au kukataliwa pale, si kwingine.

Swali lililobaki ni itatundikwa wapi. Picha kubwa ya babu itakayokaa sebuleni, mapazia yamefungwa na balbu moja juu, inastahili kuchapwa nyepesi kidogo kuliko ile itakayowekwa ofisini karibu na dirisha. Bango la nje ni kinyume: jua lenyewe litaliwasha, kwa hiyo usiliongezee mwangaza mwingi.

Uso ndio kipimo

Watu wengi wakitaka kujua kama rangi zimetoka sawa hutazama anga au majani. Anga haijui kulalamika. Macho ya binadamu husamehe mbingu iliyokolea na mgomba uliopauka, lakini hayasamehi uso wa mama mzazi. Pima kwa uso, na uwe uso wa mtu unayemjua.

Njia yenyewe ni ya zamani. Wapigapicha wa enzi ya chumba cha giza hawakuwa na kioo cha kuwadanganya. Kizazi cha Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio huko Zanzibar mwaka 1930, kilihukumu picha juu ya karatasi kwa sababu hakikuwa na pengine pa kuihukumu. Chumbani humo kipande kidogo cha karatasi kilikatwa, kikaangaziwa kwa hatua kadhaa, na hatua iliyopendeza ndiyo iliyotumiwa kwa karatasi nzima. Ukanda huo wa majaribio unafaa leo kuliko jana, na gharama yake ni picha moja ya sentimita 10 kwa 15.

Chukua picha yenye uso unaoujua, kitambaa cheupe na kitu cheusi. Kata sehemu ya uso na mabega. Ipange mara nne kwenye ukurasa mmoja wa 10 kwa 15. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili iongeze mwangaza kidogo, ya tatu zaidi, ya nne zaidi ya hapo. Kwenye programu ya bure kama Snapseed unaweza kwenda kwa hatua za 10, 20 na 30. Pembeni weka mraba wa kijivu tupu, ambao nyekundu, kijani na buluu zake zote ni 128. Peleka ukurasa huo kwenye studio unayoitumia, uchapwe kwa karatasi unayoitumia, bila mtu kuurekebisha. Uache ukauke. Nenda nao dirishani. Uso mmoja kati ya zile nne utakuwa karibu zaidi na mtu unayemjua. Geuza ukurasa, uandike nyuma kwa penseli namba ya hatua hiyo, jina la karatasi na tarehe. Kuanzia leo, kila picha unayopeleka studio ile unaiongezea hatua ile ile kabla ya kuituma.

Mraba wa kijivu una kazi yake. Ukitoka na wekundu au ukijani, tatizo si mwangaza tena bali ni mashine au wino, na sasa una ushahidi wa kumwonyesha mwenye studio badala ya kubishana naye kwa maneno.

Unapoongeza mwangaza usiinue picha nzima kama mtu anayevuta pazia. Inua sehemu za kati na za kivuli, uziache nyeupe mahali pake. Bibi harusi wa ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe ndiye mtihani mkubwa: ukiinua kila kitu, uso unaonekana lakini lesi ya gauni inayeyuka kuwa karatasi tupu, ukiilinda lesi bila kuinua kivuli, uso unazama. Tazama vitu vitatu: mng'ao wa paji la uso na mfupa wa shavu bado upo, mpaka wa nywele na paji unaonekana, weupe wa macho haujawa buluu. Vikitimia, simama hapo hapo. Zipo studio ambazo zikiona uso mweusi huupandisha rangi mpaka mtu asijitambue, na mteja mwingine hupenda. Mimi naona ni kazi mbaya. Mtoto atakayeiona picha ile miaka ishirini baadaye ataonyeshwa mama asiyekuwa mama yake.

Mashine zenyewe zina historia katika hili. Kwa miongo mingi maabara za rangi zilipimwa kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Leo kadi zile zimepitwa na wakati, lakini mashine za kuosha picha bado zina akili yao: huchukua wastani wa mwanga wa picha nzima na kuuvuta kuelekea kijivu cha kati. Fikiria mazishi au arusi chini ya mahema meupe. Mashine inaona weupe mwingi, inadhani picha imezidi mwanga, inaiteremsha, na nyuso zote zinaingia gizani. Fikiria tena darasa la wanafunzi waliovaa sweta za buluu iliyokolea mbele ya mlango wa mbao. Inaona giza tupu, inaipandisha, na ukuta nyuma yao unaungua. Kwa hiyo ukiwa umeshairekebisha picha yako mwenyewe, mwambie fundi waziwazi azime marekebisho ya mashine. Mashine za Noritsu na za Fuji zina vitufe vya C, M, Y na D ambavyo fundi huvitumia kwa kila picha. Mwombe aviache sifuri kwa picha zako. Fundi mzuri hatakasirika, atafurahi kumpata mteja anayejua anachotaka.

Faili iliyochoka

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza mpaka upande wake mrefu uwe karibu pikseli 1600, na inaitupa sehemu ya habari za rangi. Kwa 10 kwa 15 hiyo inatosha. Kwa A3 haitoshi hata kidogo, maana unabaki na kama pikseli 97 kwa kila inchi. Itume kama hati, si kama picha, na itafika ilivyo. Chaguo la ubora wa juu lililoongezwa mwaka 2023 linasaidia, lakini hati ni bora zaidi.

Hili linauma zaidi kwenye matanga. Mtu amefariki, familia inatafuta picha usiku, inayopatikana imekatwa kutoka picha ya kikundi, imepita makundi matatu ya WhatsApp, na asubuhi inatakiwa iwe kubwa ya kuwekwa mbele ya jeneza. Kwa A3 inayotazamwa kwa umbali wa hatua chache unahitaji walau pikseli 2480 kwa 1754. Msipokuwa nazo, msilazimishe: chapeni ndogo, iwekwe kwenye fremu yenye nafasi nyeupe pana pembeni. Na mtafuteni aliyeipiga picha ile kwa simu yake, kwa sababu yeye ndiye mwenye nakala nzima. Ushauri wa kukaa na picha nzuri za wazee wakiwa hai ni wa watu wote, na karibu hakuna anayeufuata.

Kuhusu rangi za faili: kompyuta na mashine nyingi za studio zinatarajia kipimo kiitwacho sRGB, kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Mwenye kamera aiweke kwenye sRGB, asiweke Adobe RGB kwa sababu tu ameambiwa ni pana zaidi. iPhone tangu toleo la 7 hupiga kwa kipimo kipana zaidi cha Display P3. Programu ya studio isiyosoma lebo ya kipimo hicho kwenye faili itazitoa rangi zimepauka. Dawa ni kuifungua kwa Photoshop, au kwa GIMP ambayo ni ya bure, na kuibadilisha iwe sRGB kabla ya kuichapa.

Kwa wenye printa

Sasa ndiyo zamu ya printa. Kabla ya kazi ya kwanza ya asubuhi chapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Mstari mmoja ukikosekana, rangi zote zimeharibika kwa namna inayotabirika: sayani ikipungua nyuso zinakuwa nyekundu, majenta ikipungua zinakuwa za kijani, manjano ikipungua zinaelekea buluu. Usianze kurekebisha picha kwenye kompyuta ili kufidia tundu lililoziba. Safisha kichwa kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa cha printa kinabaki wazi badala ya kurudi kwenye kifuniko chake, na wino unakauka juu yake. UPS ndogo inalipa gharama yake. Usizime printa ukutani. Tumia kitufe chake, kichwa kirudi nyumbani kwanza. Usiku ifunike kwa kitambaa safi, hasa ukiwa Tororo ambako vumbi la saruji na la barabara huingia hata mlango ukifungwa.

Wino wa kujaza si dhambi. Dhambi ni kubadilisha wino kila mwezi, leo wa chapa hii, kesho wa chapa ile, yote kwenye tangi moja. Hata mbaya zaidi ni kubadilisha karatasi bila kumwambia printa. Kwenye kompyuta chagua aina ya karatasi iliyomo kweli: ukiweka karatasi ya kung'aa na kuchagua ya kawaida, kiasi cha wino kinachomwagwa si chake, na picha inatoka kavu au imelowa. Printa za rangi sita kama Epson L805, zenye sayani nyepesi na majenta nyepesi, hutoa ngozi laini kuliko zile za rangi nne za ofisini. Hilo ni jambo la mashine, hakuna marekebisho yatakayolifidia.

Kosa ambalo limewatesa wengi ni rangi kusimamiwa mara mbili. Photoshop inazitafsiri rangi kwa ajili ya karatasi, halafu programu ya printa inazitafsiri tena, na watu wanatoka na wekundu wa majenta. Chagua msimamizi mmoja: ukimpa Photoshop, zima usimamizi wa rangi kwenye printa, ukiiachia printa, Photoshop inyamaze.

Na ngoja. Picha iliyotoka sasa hivi bado inabadilika inapokauka. Ipe nusu saa kabla ya kuihukumu, na siku nzima kabla ya kuiweka chini ya kioo cha fremu. Kumpa mteja anayekimbilia gari picha mbichi ndani ya mfuko wa nailoni ni kumwalika arudi na hasira.

Rangi ambazo hazitafika

Kuna rangi ambazo wino hauna. Gomesi la satini la zambarau inayoelekea buluu litatoka zambarau tu. Kijani cha kung'aa na pinki kali ya mitandio vitatulia. Rangi ya reflekta ya mwendesha boda boda haiwezekani kabisa, kwa sababu kitambaa kile hugeuza mwanga usioonekana kuwa mwanga unaoonekana, na hakuna wino wa kawaida wa picha ufanyao hivyo. Mteja aambiwe kabla ya kulipa, si baada. Akikuona unaijua kazi yako, atakubali; akigundua mwenyewe, atadai kurudishiwa.

Mwisho, juu ya kuvuka. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia kizinduliwe na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwaka 2018, taratibu za mpakani zimepungua, na watu wanaosaka bei nzuri ya picha hulinganisha studio za pande mbili. Hakuna ubaya. Ila faili moja ikipelekwa kwenye mashine mbili itatoa picha mbili, hata kama zote ni za chapa moja na mafundi wote ni hodari, kwa sababu karatasi, wino na mipangilio havilingani. Ukihama studio, chapa ukanda mpya wa majaribio. Na ukishapata picha moja iliyotoka vizuri, ihifadhi kwenye bahasha mahali pakavu, kisha siku ya kazi kubwa ichukue, uiweke mezani mbele ya fundi na kumwambia, "Nataka ifanane na hii." Simu iache mfukoni.